Boti ya Watu Wanaosimama

Mtu akiniambia watu wa mji wetu hawasikii, namkubalia palepale, sibishani. Hatusikii. Mwaka mzima sauti ya kurekodiwa ilitubembeleza kwenye boti za umeme, "Abiria, tafadhali kaeni mpaka boti isimame kabisa," na mwaka mzima tulisimama. Sauti ile tuliibatiza Binti Tafadhali. Tuliicheka, tukaiiga, watoto wakaifanya mchezo wa barazani. Lakini kukaa? Thubutu!

Boti zenyewe zililetwa zikiwa tayari, nyeupe pe, viti vimepangwa mistari kama vya basi, vyote vinatazama mbele, na mlango mmoja mpana ubavuni. Hazikuwa na moshi wala kelele, na kwa hilo sina neno. Watu wakaziita majokofu. Shida ilikuwa zikikaribia gati. Boti ingali mbali na nchi kavu, abiria wote wanainuka na kusogea mlangoni, yaani wote ubavu mmoja, na boti inalala upande. Ndani yake kuna kidude ambacho boti ikilala kupita kiasi kinapiga kelele na kuzima mota, eti kwa usalama. Sasa mota ikizima, mto haukusubiri. Unaichukua boti na watu wake na vikapu vyao, unaipeleka chini kwenye nguzo za daraja bovu, na gati mnaliona hivihivi linabaki nyuma.

Matusi yote ya siku hizo yalikuwa yanamwangukia wifi yangu, dada wa mume wangu, nahodha wa boti namba mbili. Na tuelewane: mimi na wifi hatukuwa watu wa kukumbatiana. Kazi yangu ni kuchora vyombo kwenye karakana ya shirika la vivuko, kwa hiyo tangu niolewe ananiita Bi Penseli. Mimi namwita Bi Usukani. Chakula cha Jumapili nyumbani kwa mama mkwe bila sisi wawili kurushiana maneno kilikuwa hakishuki. Lakini kuendesha anajua, hilo hata nikiwa nimenuna nalisema. Alianzia kwenye vivuko vya dizeli, vile vya zamani, na mto ule anaujua kwa makalio, kama anavyosema mwenyewe.

Basi baraza la mji likachoka kusikia neno jokofu. Likaagiza boti zifanyiwe ukarabati, zionyeshe urithi na utamaduni wa mji. Mkurugenzi wetu akatuita ukumbini. Ni mtu mwema, mzaliwa wa hapahapa, nadhifu mpaka kwenye kucha, ila ana ugonjwa wa slaidi. Huwezi kumuuliza saa bila yeye kuwasha projekta. Akazima taa, akatuonyesha boti zilezile, safari hii zimebandikwa nakshi ubavuni, paa limechongwa mfano wa lango la kale, na mbele kuna kichwa cha plastiki chenye taa.

"Hapa," akasema kwa furaha, "tunazivisha utamaduni."

Mimi ulimi wangu hauna breki. Nikasema, "Bosi, jokofu hata ulivalishe suti na tai, ukilifungua ni baridi tu."

Ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Mkurugenzi hakucheka. Akawasha taa, akanitazama mpaka nikaanza kutafuta kalamu isiyopotea. "Haya, wewe mwenye maneno. Chukua boti namba mbili, uitengeneze unavyotaka. Ukishindwa, nakshi zangu zinabandikwa, na wewe mwenyewe ndiye utakayeshika brashi ya gundi."

Nikarudi kwenye meza yangu nimevimba kichwa, na baada ya siku chache kichwa kikanywea. Kuponda cha mwenzako ni rahisi. Nilichora, nikachana. Nikachora tena, nikachana. Kila nilichokiweka kwenye karatasi kilikuwa nakshi za Mkurugenzi zilizohamishwa mahali. Mume wangu akaniuliza kwa upole kama bado tuna karatasi za kutosha za watoto kuandikia, nikamfokea bila sababu.

Jumamosi moja nikampeleka mama mkwe kliniki ya macho, ng'ambo ya mto. Boti namba mbili ilikuwa bado haijaletwa karakana, na kwenye usukani alikuwa wifi. Tulikaa vizuri, tukavuka vizuri, mpaka majengo ya ng'ambo yalipoanza kuonekana wazi. Hapo mama mkwe akakamata mkoba wake, akainuka.

Nikamvuta gauni. "Mama, kaa kidogo. Mwanao ndiye anaendesha."

"Niache."

"Mama, boti italala!"

"Ilale. Kwani haichoki?"

"Mama, kwa nini lakini? Dakika mbili tu za kukaa!"

Akanigeukia, na kwa sauti iliyosikika mpaka viti vya nyuma akasema, "Mimi nifikishwe nchi kavu nimekaa, nina nini? Mgonjwa ndiye hufikishwa amekaa. Maiti ndiye hufikishwa amelala. Mimi nina miguu yangu miwili, na tangu nizaliwe mji huu nauingia nimesimama."

"Mwambie, mama!" akapaza mtu nyuma. Nikageuka. Boti nzima ilikuwa imeinuka. Mama mwenye mtoto mgongoni amesimama, wauza mboga wamesimama, na baba mmoja ambaye njia nzima alikuwa anakoroma alikuwa amesimama pia huku macho bado yamefumba. Binti Tafadhali akaanza kubembeleza. Kidude kikapiga kelele. Mota ikazima, na tukaanza safari ya kuelekea darajani.

Wifi alijitahidi, jamani. Alikata usukani huku na huko, akawasha mota ikagoma, akawasha tena. Tukagonga nguzo kwa ubavu, mlio wake nausikia mpaka leo. Hakuna aliyeumia. Boti ilichubuka kuanzia mbele hadi nyuma, na mama mkwe akashuka kwenye mawe ya daraja akilalamika kwamba siku hizi manahodha hawafundishwi vizuri, na aliyekuwa akimlalamikia ni binti yake wa kumzaa.

Jioni ile wifi alikuja kwetu ametoka ofisini. Hakuniita Bi Penseli. Alikaa kwenye kiti cha jikoni, kofia ya kazi mapajani, midomo imemkauka.

"Wamenipa onyo la mwisho," akasema. "Ikichukuliwa na maji tena, au nikiikwamisha popote, nakabidhi usukani. Wifi, watu wasimame wao, nifukuzwe mimi?" Kisha akalia. Sikuwahi kumwona analia, hata kwenye msiba wa baba yao alikuwa ndiye anayetubembeleza sisi. Nikamkamata mkono na sikujua niuweke wapi, kwa kuwa hatukuwa na mazoea. Nilikuwa na hasira. Na katikati ya hasira ile maneno ya mama mkwe yakanirudia: nauingia nimesimama. Mji mzima ulikuwa unaambiwa ukae na mji mzima ulikuwa unakataa, na sisi wenye penseli tulikuwa tunatafuta utamaduni kwenye nakshi.

Asubuhi nikaenda kwenye kivuko cha mwisho cha dizeli. Kimelala ukingoni juu ya magogo, na muuza magodoro amekigeuza stoo. Nikamwomba niingie, akaniruhusu, nami nikapanda juu ya magodoro yake nikajilaza chali nitazame vizuri.

"Dada," akaniita baada ya muda, "unanunua au umehamia?"

"Nyamaza kwanza, nasoma."

Nilikuwa nasoma kweli. Viti vyake vilikuwa mabenchi marefu mawili, moja kila ubavu, watu wametazamana, na katikati njia wazi kutoka nyuma mpaka mbele. Mbele ndiko kulikuwa na mlango, mpana, wenye ubao wa kushukia. Juu ya njia ile kulikuwa na mti mrefu wa kushikilia, umelainishwa na viganja mpaka unang'aa. Na injini ilikuwa nyuma kabisa, pande la chuma ambalo lilikishindilia kivuko mkia chini na kukiinua pua juu. Hapo ndipo nilipokaa kitako kwa ghafla hadi nikajigonga kichwa. Pua ilikuwa juu kwa sababu watu walikuwa bado hawajasimama! Wakisimama na kwenda mbele, uzito wao unaishusha pua na kuunyanyua mkia kutoka kwenye tope la ukingoni, na kivuko kinanyooka sawasawa pale kinapogusa nchi kavu. Picha zote za zamani za mji wetu zina chombo kilichoinua pua. Watoto wetu mpaka leo wakichora boti wanaiinua pua. Nilidhani ni madoido tu. Kumbe waliokijenga walimkadiria mama mkwe wangu na wenzake wote.

Kule karakana, fundi mkuu wa kuchomelea tunamwita Cheche. Ni mtu wa maneno machache na kicheko kirefu. Nilipomwonyesha mchoro alicheka mpaka akakaa chini.

"Injinia, hii boti inanusa mawingu."

"Inusishe hivyohivyo."

"Betri zote mkiani?"

"Zote. Chini ya sakafu ya nyuma. Mlango wa ubavuni ziba, usibakize hata tundu la kupitisha mkono. Fungua mbele."

Akafunga barakoa yake, bado anacheka, akaanza. Lakini alipoelewa, alikuwa wa kwanza kufika asubuhi na mimi nikawa namfukuza aende akale. Tukang'oa viti vya basi. Tukaunda mabenchi ya mbao. Mti wa juu tuliutengeneza kwa mikono yetu wenyewe, na Cheche akaupiga msasa siku nzima maana alisema mwanawe asije akachomwa na kijiti. Ubavuni tulipaka rangi nyekundu iliyoiva, ile ya vivuko vya zamani. Wifi alikuwa anapita kila akitoka zamu. Anazunguka boti, anagonga hapa, anachungulia pale, anaondoka.

Siku ya jaribio, mkaguzi wa vyombo akaja na magunia ya mchanga. Ni mzee mnyoofu, asiyependa mchezo, na kanuni zake anazijua zote kwa kichwa. Abiria mmoja, gunia moja. Tukayapanga magunia kwenye mabenchi, yakakaa kwa adabu kabisa, na boti ikavutwa taratibu kwa kamba mpaka kwenye mteremko wa zege tulioujenga ukingo wa ng'ambo kwa ajili ya mlango wa mbele.

Ilikuwa aibu. Magunia yalikaa, pua ikabaki juu, mkia ukazama kwenye tope ukakwama, na ubao wa kushukia ukaning'inia hewani usawa wa kifua cha mtu.

"Hii ndiyo nini?" Mkurugenzi akauliza.

"Ni hayo magunia!" nikasema. "Magunia hayasimami!"

"Kanuni inasema magunia," mkaguzi akajibu.

"Basi magunia yapewe boti, na sisi watu tuogelee!"

Mkurugenzi akavua miwani. Hakupandisha sauti, na afadhali angepandisha. "Sikiliza. Mwaka mzima nimehangaika kuwafundisha watu hawa kukaa. Wewe unaniletea boti inayotegemea watu kukosa adabu. Siku wakikaa, je? Hiyo si boti, ni kamari."

Yalinichoma kwa sababu hayakuwa ya kijinga. Mkaguzi ndiye aliyeniokoa, na bila kukusudia. Alisema kanuni hiyohiyo inaruhusu jaribio la pili kwa abiria hai, wa kutosha, wenye makoti ya kuokolea, bila kufundishwa wala kuelekezwa neno, ikiwa atapatikana nahodha wa kubeba dhamana.

"Mimi," akasema wifi. Sikujua hata kama alikuwa ameshatoka kibandani. Alikuwa amesimama nyuma yetu, kofia kichwani.

"Nahodha, unakumbuka una onyo la mwisho?" Mkurugenzi akamuuliza.

"Sijasahau."

"Ikikwama, unakabidhi usukani, mlango unarudishwa ubavuni na nakshi zinabandikwa. Na asisikike mtu kumwambia abiria kaa au simama. Mmoja akielekezwa tu, jaribio limekufa."

"Nimesikia."

Nilimkimbilia kwenye njia ya kutokea. "Wifi, una wazimu? Umejitia kitanzi kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili yako? Jione!" Akanisukuma bega. "Nimeushika ule usukani walipokuwa wanavuta magunia. Chombo kile kinataka kwenda, nimekisikia. Halafu wakinifukuza nahamia kwenu. Nitalala sebuleni, nitamaliza sukari yako yote." Alicheka, akaenda zake kuikagua boti.

Asubuhi ya jaribio la pili, gati la sokoni lilifurika. Abiria walikuwa watu wa kawaida tu waliotaka kuvuka, pamoja na wakubwa wawili watatu wa baraza. Mama mkwe alifika amevaa nguo ya harusini. Mimi nilikaa karibu na kibanda cha nahodha, kule nyuma. Mkurugenzi na mkaguzi walikaa mbele, wakiwa na makoti ya kuokolea juu ya suti. Wifi akapiga honi na tukaondoka.

Kwanza nilifurahi mpaka nikasahau hofu. Kwenye majokofu tulikuwa tunatazama visogo. Huku watu walikuwa wanatazamana nyuso, na kabla hatujafika hata robo ya mto salamu zilikuwa zimeshavuka njia mara kadhaa. "Wewe si mtoto wa fundi cherehani?" "Mguu unaendeleaje?" Vikapu vilikaa katikati, na kila mtu akaulizwa kilichomo. Boti ilikuwa kimya kwa mota na imejaa maneno ya watu. Nikasema moyoni, hata ikikwama, hili limekuwa.

Kisha ng'ambo ikaanza kuonekana, na nikasubiri watu wainuke.

Hakuinuka mtu.

Nikamtazama mwenye vikapu, amekaa. Nikamtazama mama mwenye mtoto, amekaa. Wote wamekaa, mikono magotini, wametulia kama wanapigwa picha ya pasi. Walikuwa wameona suti. Walikuwa wamesikia leo kuna wakubwa na mkaguzi, na nahodha ni yule binti mwenye onyo, na wamemhurumia. Mji usiosikia ulikuwa umechagua siku ile moja kusikia!

Nikamgeukia mama mkwe kama tumaini langu la mwisho. Alikuwa amekaa wima, mkoba mapajani, anang'ara. Akaniinamia, akanong'ona, "Mume wako kaniambia nisikutie aibu mbele ya mabosi wako. Usijali, mwanangu. Leo hata wakinichoma sindano siinuki."

Nilitamani kumpigia kelele huyo mume mto mzima ukasikia. Lakini neno moja tu na jaribio limekufa. Nikafunga mdomo kwa mkono, kwelikweli, kwa kiganja. Mbele yetu pua ilikuwa juu, na kwenye mlango kulikuwa kunaonekana mbingu tupu. Chini ya miguu yangu nikauhisi mkia unaanza kukwaruza tope. Wifi aliniangalia kwenye kioo chake kidogo. Angeweza kusimamisha boti pale, akarudi nyuma, akasema mota ina hitilafu. Hakusimamisha. Alikaza midomo, akaipeleka vilevile, na mimi nikashindwa kumtazama machoni.

Kule mbele Mkurugenzi alikuwa anamweleza mkaguzi jambo, mkono mmoja hewani, anaeleza kwa makini. Katikati ya sentensi akainuka. Hakukatisha maneno. Alifunga kifungo cha koti, akashika mti wa juu bila kuutazama, akapiga hatua kuelekea mlangoni huku bado anaongea, na mkaguzi akabaki amemkodolea macho kutoka kwenye benchi.

"Hee!" akasema mama mkwe. "Kumbe ruksa!"

Akainuka, na boti nzima ikainuka naye. Nilisikia mabenchi yakilia kwa mpigo mmoja. Vikapu vikapanda vichwani, mtoto akafungwa vizuri mgongoni, mikono ikaenda kwenye ule mti wa juu mmoja baada ya mwingine, na watu wakatembea mbele, taratibu, bila kusukumana, maana njia ilikuwa inawatosha. Mkia ukaachia tope. Pua ikaanza kushuka. Kwenye mlango mbingu ikapanda na mji ukaingia, kwanza mapaa, halafu madirisha, halafu nyuso za watu waliojaa ukingoni. Boti haikulala upande hata kidogo. Ilinyooka, wifi akaongeza moto kidogo tu, na ubao wa kushukia ukalala juu ya zege bila kishindo.

Mkurugenzi alishuka wa kwanza. Alitembea kwenye zege akiwa bado anaongea, mpaka alipogundua hakuna anayemjibu. Akageuka. Watu wote walikuwa wanamtazama, sisi wa kwenye boti na wale wa ukingoni.

"Nini?" akauliza. Akajitazama miguu. "Nimesimama saa ngapi mimi?"

"Ulipokuwa unaniambia kwamba abiria lazima wakae," mkaguzi akamjibu kutoka mlangoni.

Nilidhani atakasirika, na nikajiandaa. Lakini yule mtu alianza kucheka, cheko la tumboni ambalo hatujawahi kulisikia kwake, mpaka akavua miwani akajifuta macho. "Mama yangu alikuwa ananivuta mkono hivi," akasema, akionyesha. "Simama, tunafika. Simama, tunafika. Kila siku ya Mungu." Akamgeukia mkaguzi. "Unasemaje, mzee?"

"Nasema imepita. Haijainama hata unywele."

Cheche akarusha barakoa yake juu. Sijui aliibeba ya nini. Ukingo mzima ukalipuka, watu wakipigana mabega, wengine wakipanda boti iliyotoka kushusha ili na wao wateremke. Mkurugenzi akapaza sauti juu ya kelele zile, "Nakshi hatubandiki! Boti zote zilizobaki zipelekwe karakana! Na nahodha huyu kesho aanze kuwafundisha wenzake!" Safari hii hakuwa na slaidi hata moja.

Wifi akatoka kibandani. Alipita katikati ya watu wanaompigia makofi, hamtazami mtu, akaja moja kwa moja mpaka kwangu. Nilijua anakuja na neno kali, na mimi nilikuwa na langu tayari. Akanikumbatia. Alinikumbatia kwa nguvu mpaka mbavu zikanilalamikia, na akaniambia sikioni, "Nilikuwa nimeshauaga mto huu, wifi. Nimeuaga asubuhi hii, peke yangu, kabla hujafika. Ahsante." Langu lile nililoliandaa likayeyuka. Nikamwambia nampenda, hivyohivyo, mbele za watu, miaka yote hiyo ya Jumapili na sikuwahi.

"Eh, nahodha!" mtu akaita. "Sisi tunavuka au tunatazama mapenzi?"

Tukageuka. Mabenchi yalikuwa yamejaa tena pomoni, na watu wanatazamana wanacheka. Wifi akajifuta uso kwa kofia, akaivaa, akakimbilia usukani wake. Boti ikarudi nyuma polepole, ikageuka, ikainua pua. Mama mkwe alipiga vigelegele, mimi nikadaka, na wanawake wa ukingoni wakadaka kwetu. Nilipiga mpaka sauti ikakatika, na kesho yake kazini niliongea kwa mikono kutwa nzima.